Barafu Baada ya Kung'olewa Jino la Hekima: Ukiona Hivi, Chanzo ni Hiki

Mtu akishang'olewa gego la mwisho, yaani jino la hekima, hurudi nyumbani na maagizo mafupi: weka barafu, meza dawa, pumzika. Saa zinapita, shavu linajaa kuliko lilivyokuwa alipoinuka kwenye kiti cha daktari, na swali linalokuja ni lilelile: niongeze barafu? Kabla ya kulijibu, jua kwanza leo ni siku ya ngapi. Shavu lililojaa siku ya pili halina la kushangaza, lakini shavu hilohilo likijaa siku ya tano ni sababu ya kumpigia daktari simu. Kwa hiyo andika mahali saa jino lilipotoka, na kila dalili hapa chini uisome ukiwa na saa hiyo kichwani.

Dalili chache hazisubiri mwongozo wowote. Ukishindwa kupumua vizuri, ukishindwa kumeza hata mate yako yakawa yanachuruzika, uvimbe ukishuka chini ya kidevu hadi shingoni, au ulimi ukawa kama umeinuliwa kutoka chini, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku wa manane. Hayo yanaweza kuwa maambukizi yanayosambaa chini ya ulimi, na yana uwezo wa kuziba njia ya hewa ndani ya saa chache. Hapo barafu haina kazi.

"Nakanda kwa barafu, lakini uvimbe unazidi"

Kama bado hujamaliza siku tatu, huenda hakuna kilichoharibika. Uvimbe wa upasuaji wa gego hauji wote siku ya kwanza. Fizi imekatwa, mara nyingine na mfupa umechongwa, na mwili unapeleka majimaji na chembe za kinga kwenye jeraha taratibu. Kilele chake huwa kati ya saa 48 na 72, kisha unaanza kushuka. Anayejitazama kwenye kioo asubuhi ya pili na kujiona mbaya kuliko jana anaona kile kilichotarajiwa.

Baridi hufanya mambo mawili. Inabana mishipa midogo ya damu, hivyo majimaji yanayovuja kuingia kwenye nyama yanapungua, na inapunguza kasi ya mishipa ya fahamu kupeleka habari za maumivu. Lakini tusiipe sifa isiyo yake. Tafiti zilizopima barafu baada ya upasuaji wa magego hazikubaliani: nafuu ya maumivu inaonekana, ingawa si kubwa, na kwa uvimbe ushahidi ni dhaifu zaidi. Kwa maoni yangu bado inafaa kutumika, kwa sababu ni rahisi, haina madhara ikitumiwa vizuri, na mgonjwa anaihisi ikimsaidia. Ila anayetegemea barafu imzuie kuvimba kabisa atalaumu mfuko bure. Ziko kliniki zenye barakoa maalumu inayozungusha maji ya nyuzi karibu 15 usoni kwa muda mrefu, na baadhi ya tafiti zimeonyesha matokeo mazuri kuliko barafu ya kawaida. Ukipewa, itumie. Usipopewa, usidhani umedhulumiwa.

Kuna nyakati kweli kasoro iko kwenye namna ya kukanda. Ya kawaida kabisa ni mahali. Watu huweka mfuko katikati ya shavu, karibu na pembe ya mdomo, kwa kuwa ndipo mkono unapofika bila kuchoka. Gego la chini liko nyuma zaidi. Pitisha kidole kwenye mfupa wa taya kuanzia kidevuni kurudi nyuma hadi unapopinda kupanda kuelekea sikioni. Mfuko ukae hapo kwenye kona na mbele yake kidogo. Kasoro ya pili ni taulo nene lililokunjwa mara nne: baridi haipiti, mtu anakaa nusu saa ameshika kifurushi cha kitambaa. Ya tatu ni kulala chali bila kuinua kichwa, majimaji yote yanatuama usoni. Mito miwili usiku mbili za mwanzo inasaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Mfuko mzuri hutengenezwa hivi. Ponda barafu hadi vipande viwe vidogo kama punje kubwa za mahindi, tia kwenye mfuko wa plastiki ujae nusu tu, ongeza maji kidogo, kamua hewa yote itoke, kisha funga. Mfuko uliojaa pomoni unakaa kama jiwe na kugusa taya sehemu moja tu. Ule wa nusu wenye maji unalala na kufuata umbo la uso. Uzungushie kitambaa chembamba kimoja, ikiwezekana kilicholowa kidogo, maana kitambaa chenye unyevu hupitisha baridi vizuri kuliko kikavu. Weka dakika 15 hadi 20, ondoa kwa muda kama huohuo, rudia ukiwa macho. Fanya hivyo saa 24 za mwanzo, na hadi 48 kama unaona inakusaidia. Usiku lala. Hakuna haja ya kuamka kwa ajili ya barafu, na kulala nayo imefungwa kwa kitambaa kichwani ni hatari.

"Ngozi inachoma, imekuwa nyekundu, au imekuwa nyeupe"

Wekundu hafifu unaofifia baada ya kuondoa mfuko ni kawaida. Ngozi iliyopauka, ikawa ngumu kama nta au ikapoteza hisia, imeanza kuungua kwa baridi. Ondoa mfuko, acha ngozi ipate joto yenyewe au kwa kiganja, usiisugue wala usiiwekee maji ya moto. Malengelenge yakitokea, au rangi isiporudi, ionyeshe kwa mhudumu wa afya.

Mara nyingi mkosaji ni pakiti ya jeli iliyotoka friza. Barafu inayoyeyuka ndani ya maji haishuki chini ya nyuzi 0. Jeli iliyolala kwenye friza hutoka ikiwa na baridi ya friza lenyewe, kwa kawaida karibu nyuzi 18 chini ya sifuri, na bado ni laini mkononi kiasi kwamba haikutishi. Mfuko wa mbogamboga zilizogandishwa nao hutoka na baridi hiyohiyo. Vyote vinafaa, ila viache nje dakika chache kwanza na usiviweke kwenye ngozi bila kitambaa.

Mkosaji mwingine ni ganzi. Sindano ya taya la chini huacha mdomo na shavu bila hisia kwa saa mbili hadi tano, na baadhi ya dawa hudumu hata saa nane au zaidi. Katika muda huo ngozi haiwezi kukuambia inaungua. Tazama saa, usisubiri kuhisi. Kwa sababu hiyohiyo usile wala kunywa cha moto kabla ganzi haijaisha. Wapo waliotafuna mdomo wao wa chini wakidhani ni chakula.

Ukitokwa na vipele vinavyowasha na kuvimba pale barafu ilipogusa, huo ni mzio wa baridi: acha kabisa na umwambie daktari. Mwenye ugonjwa wa selimundu azungumze na daktari wake kabla ya kukanda kwa barafu, kwa kuwa baridi inaweza kuchochea maumivu makali ya ugonjwa huo. Vivyo hivyo mtu ambaye vidole vyake hugeuka vyeupe au bluu kwenye baridi, na yeyote ambaye ngozi ya uso wake ilishapoteza hisia kabla ya upasuaji.

"Nikiondoa barafu tu, maumivu yanarudi"

Siku mbili za mwanzo, tatizo kwa kawaida ni ratiba ya dawa. Baridi inatuliza kwa dakika kadhaa, haichukui nafasi ya kidonge. Wengi husubiri hadi ganzi iishe na maumivu yapande ndipo wameze, na kidonge nacho huhitaji nusu saa au zaidi kufanya kazi, hivyo wanabaki wakikimbiza maumivu siku nzima. Dozi ya kwanza imezwe ganzi ingali ipo, na zinazofuata zifuate saa zilizoandikwa.

Kwa mtu mzima asiye na kizuizi, ibuprofeni na paracetamol zikitumika pamoja hufanya kazi nzuri kwa maumivu ya meno, mara nyingi kuliko kila moja peke yake. Paracetamol isizidi gramu 4 kwa siku, na hapo hesabu pia ile iliyojificha kwenye dawa za mafua. Ibuprofeni haifai kwa mwenye vidonda vya tumbo, mwenye tatizo la figo, mjamzito, na baadhi ya wenye pumu. Aspirini kwa ajili ya maumivu haya iache, huongeza kutoka damu. Kama daktari alikuandikia dawa au utaratibu mwingine, fuata wake.

"Siku mbili nilikuwa na nafuu, siku ya tatu maumivu yamelipuka"

Hii ndiyo dalili ambayo watu hushindwa kuitambua, wakaongeza barafu tu, na ndiyo iliyonifanya nisisitize habari ya siku.

Jino likishatoka, shimo lake hujaa damu inayoganda. Lile bonge ndilo bandeji ya mfupa, na ndani yake nyama mpya huanza kuota. Likitoka au kuyeyuka mapema, mfupa unabaki wazi, wenye mishipa ya fahamu isiyofunikwa na kitu. Hali hiyo huitwa shimo kavu. Maumivu yake huanza kati ya siku ya pili na ya tano, ni makali, yanapwita, yanapanda sikioni na kwenye paji upande huohuo, na vidonge vilivyokuwa vinatosha jana havitoshi tena. Kinywa kina ladha mbaya na harufu. Jambo la kuangalia hasa: uvimbe mara nyingi hauongezeki, na homa haipo. Shavu linaweza kuwa linapungua vizuri huku mtu akilia kwa maumivu.

Chukua tochi ya simu, simama mbele ya kioo, vuta shavu kwa kidole safi. Shimo lenye kitu cha rangi nyekundu iliyokolea, au utando wa kijivu mweupe uliotulia, lina afya. Utando huo mweupe huwatisha watu wakadhani ni usaha, wakaukwangua, na kwa kuukwangua wakajitafutia tatizo ambalo hawakuwa nalo. Shimo tupu ambalo ndani yake unaona rangi ya mfupa ndilo la kushughulikia. Ukiwa huoni vizuri, usichokonoe. Maumivu yenyewe yanatosha kukupeleka.

Shimo kavu halitibiwi kwa baridi. Barafu kwa nje haifiki kwenye mfupa ulio wazi, na maji ya baridi yakiingia shimoni huzidisha maumivu. Daktari wa meno huosha shimo na kuweka dawa ya kufunika, mara nyingi yenye kiini cha mafuta ya karafuu, na nafuu huja haraka, wakati mwingine kabla hujafika nyumbani. Usijimiminie mafuta ya karafuu mwenyewe kutoka kwenye chupa, yanaunguza nyama mbichi.

Kinachong'oa bonge mara nyingi ni kufyonza. Mrija, sigara, kutema mate kwa nguvu, na kumumunya vipande vya barafu kwa bidii. Hapa ndipo baridi yenyewe inageuka adui: aiskrimu ni sawa ukiila kwa kijiko na haina njugu wala mbegu, lakini kinywaji cha barafu kwa mrija ni kosa hata kama baridi yake inapendeza. Uvutaji sigara huongeza hatari zaidi ya vyote hivyo, kwa kuwa unafyonza na papo hapo unabana damu inayoleta uponyaji. Saa 24 za mwanzo usisukutue kabisa. Baada ya hapo, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, uyaache yapite polepole upande hadi upande kisha yadondoke sinkini yenyewe.

"Uvimbe ulishapungua, sasa umerudi"

Uvimbe unaopanda baada ya siku ya tatu, au uliotulia kisha ukaanza tena, chukulia kuwa ni maambukizi hadi daktari aseme vinginevyo. Vya kuandamana navyo ni homa ya nyuzi 38 au zaidi, shavu lenye joto na ugumu, ladha ya chumvichumvi au uchungu inayotoka kwenye jeraha, usaha, na tezi za shingo zinazouma ukizigusa. Uvimbe wa kawaida ni laini na unabonyea. Huu mara nyingi ni mgumu, umevutika, na ngozi juu yake inang'aa.

Barafu hapa inaweza kukupa dakika za utulivu unapotafuta usafiri, basi. Joto nalo usiweke kabla ya kuonwa. Na usianze vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kwenye kabati kutoka ugonjwa mwingine, maana usaha uliojikusanya unahitaji kutolewa, na dozi nusu hufunika dalili bila kuondoa chanzo.

"Kinywa hakifunguki"

Misuli ya kutafunia imechoka kwa kinywa kukaa wazi muda mrefu, imechomwa sindano, na iko jirani na jeraha. Hukaza. Kipimo rahisi ni vidole vyako mwenyewe: watu wengi wazima huingiza vitatu vilivyosimamishwa kati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Baada ya upasuaji unaweza kubaki na kimoja, na kurudi kwenye vitatu huchukua wiki moja hadi mbili.

Kosa la kawaida ni kuendelea na barafu siku ya tatu na ya nne ili kulegeza taya. Baridi haimlegezi mtu aliyekaza misuli, bali humkaza zaidi. Saa 48 zikishapita, na kama hakuna dalili za maambukizi, geuza: taulo lililoloweshwa kwa maji ya moto ya kiasi ambacho kiganja kinavumilia bila kujilazimisha, likamuliwe, likae kwenye kona ya taya dakika 15 au 20, mara kadhaa kwa siku. Likishatoka, misuli ingali na joto, fungua kinywa taratibu hadi unapohisi kuvutwa, si kuumia, shikilia kidogo, funga, rudia. Ukiona vidole viwili vya jana vimekuwa kimoja leo, rudi kwenye sehemu ya maambukizi hapo juu.

"Damu haikomi"

Mate ya rangi ya waridi siku ya kwanza si kutoka damu. Damu inayojaza kinywa ndiyo. Kaa wima, kunja shashi safi iwe donge nene, ilowe kidogo, iweke juu ya shimo lenyewe na uume kwa nguvu dakika 30 bila kuchungulia. Kuchungulia kila baada ya dakika tano ndiko kunakofanya watu waseme shashi haifanyi kazi. Barafu nje ya shavu wakati huo inasaidia kidogo, mgandamizo ndio unaofanya kazi. Ikiendelea baada ya mara mbili, au kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, piga simu.

"Uvimbe ulikuja ghafla, na ukiubonyeza unasikika kama unakatika"

Mguso wake ukiujua hutausahau: chini ya vidole kunatokea mchakato mdogo, kama kubonyeza punje za mchele uliopepetwa ndani ya kitambaa. Ni hewa iliyoingia chini ya ngozi, ama kutoka kwenye mashine ya kuchongea inayoendeshwa kwa hewa, ama kwa kupenga kamasi kwa nguvu baadaye. Huja ndani ya dakika au saa chache, tofauti na uvimbe wa kawaida unaojenga siku nzima. Barafu haiitoi na kuikanda huisambaza. Mjulishe daktari siku hiyohiyo, usipenge kamasi, piga chafya kinywa kikiwa wazi. Kwa wengi hewa hunyonywa na mwili ndani ya siku kadhaa, lakini kifua kikiuma au pumzi ikibana, ni hospitali.

Mengine ya haraka

Michubuko ya zambarau, kisha kijani na manjano, inayoshuka shingoni hata karibu na kifua, ni damu iliyovuja ikiteremka kwa uzito wake. Barafu ya siku ya tano haiifuti. Huondoka yenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Sikio na koo kuuma upande uliong'olewa siku za mwanzo ni maumivu ya kuazima, kwa kuwa mishipa ya fahamu inapita njia zilizo karibu.

Gego la jirani likishtuka kwa kila kitu cha baridi, si mfuko wa barafu uliolidhuru. Sehemu ya mzizi wake ilikuwa imefunikwa na jino lililotoka, sasa iko wazi. Kwa kawaida hutulia baada ya wiki kadhaa, na dawa ya meno ya wenye meno yanayoshtuka husaidia.

Mdomo wa chini, kidevu au ulimi vikiwa bado na ganzi asubuhi ya siku ya pili, mfahamishe daktari. Kuna mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya chini ya mizizi ya magego, na mwingine wa ulimi pembeni yake. Mishipa hiyo ikiguswa, hisia huchukua wiki au miezi kurudi, na daktari anataka kujua mapema ili apime mipaka ya ganzi na kufuatilia kama inasogea. Mpaka hapo usikande sehemu hiyo, si kwa barafu wala kwa maji ya moto, kwa kuwa haiwezi kukuonya.

Na shavu likivimba upya wiki tatu au nne baadaye, wakati ulishasahau habari za barafu, bado linahusu upasuaji uleule. Chakula hukwama chini ya fizi iliyofunga juu kabla ya shimo kujaa, zaidi kwa magego ya chini. Daktari hulifungua na kuliosha. Ukiwa na sindano butu ya kuoshea shimo uliyopewa kliniki, anza kuitumia siku waliyokuambia, usiiache kwenye droo.